Nyanya cheri za kipupwe: shajara ya bustani ya uani, Mtwara, 2024

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nimesia mbegu 40 za nyanya cheri. Kabla sijaeleza nilivyozisia, yanipasa kueleza kwa nini nimengoja mpaka mwezi huu, kwa kuwa kungoja huko ndiko kiini cha mradi wenyewe. Mara iliyopita nilisia mwanzoni mwa Desemba, mvua zilipoanza, kama mtu apandavyo mahindi na mbaazi. Miche ilistawi, ikafika kimo changu na kutoa vishada vya maua ya manjano, lakini kuanzia Februari maua hayo yalidondoka moja baada ya jingine, yakikatikia pale penye kiungo kidogo cha kikonyo bila kuacha tunda. Nilidhani mimea ina njaa, nikaiongezea samadi. Nilichopata ni majani mengi zaidi, na maua yakaendelea kudondoka.

Kipimajoto nilichotundika chini ya mlimao kilikuwa kikinionyesha nyuzijoto 25 alfajiri, saa ambayo ndiyo ya baridi kuliko zote. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Chavua ya nyanya hudhoofika joto la mchana likipita nyuzijoto 32 hivi, na usiku usioshuka chini ya nyuzijoto 24 nao huzuia maua kushika matunda. Aidha, hewa yenye unyevu mwingi huifanya chavua igandamane badala ya kumwagika. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na joto la miezi hiyo halimwachi mtu alale wala ua lishike. Baada ya hapo kusi hutawala, kikaja kipupwe cha Juni hadi Agosti. Kwa hiyo safari hii nimehesabu kurudi nyuma: ua la kwanza lifunguke katikati ya Juni, mche uhamishwe mwishoni mwa Mei, mbegu isiwe imeingia udongoni kabla ya katikati ya Aprili.

Mbegu ni za aina mbili. Mbegu 24 ni za pakiti ya Gardener's Delight niliyoletewa kutoka Dar es Salaam, aina ambayo si chotara, nami nimeichagua kwa sababu hiyo hasa, ili niweze kutunza mbegu zake. Nyingine 16 nimezitoa katika kinyanya kidogo chekundu kilichojiotea nyuma ya bafu la jirani yangu, bibi mmoja aliyezaliwa Newala, ambaye anasema vinyanya hivyo viliota vyenyewe majumbani tangu utoto wake na hakuna aliyevinunua.

Nusu ya kila aina nimeisia katika mchanganyiko wa mboji na mchanga, na nusu katika chenga za makumbi ya nazi nilizopewa na mtu afukiaye makumbi matopeni, ufukweni, kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba. Vyombo ni vikombe vya mtindi nilivyovitoboa vitako kwa msumari wa moto. Kina ni nusu sentimita. Vikombe vyote viko barazani chini ya bati, kwa kuwa mvua za mwisho za Aprili zikipiga mbegu iliyofunikwa kidogo hivyo huifukua.

Ijumaa, 19 Aprili

Siku ya sita. Vikombe vya mboji vimeanza kuchomoza. Nimeinama kuvitazama kwa karibu: shina jembamba lenye rangi ya zambarau hutoka kwanza likiwa limepinda, kisha hujinyoosha na kuvuta juu majani mawili ya mbegu. Mche mmoja umetoka na ganda la mbegu likiwa limeng'ang'ania ncha za majani. Nimelilowesha kwa tone la maji, nikangoja, likavuka bila kuvutwa. Shina lina vinyweleo vyeupe vinavyoonekana jua likiwa upande wa pili, na ukiligusa vidole hubaki na harufu ya nyanya, ingawa mche hauna hata urefu wa sentimita 3.

Katika makumbi hakuna kitu.

Jumatatu, 22 Aprili

Hesabu ya mwisho ya uotaji ni 17 kati ya 20 katika mboji, na 6 kati ya 20 katika makumbi. Nilichukua konzi moja ya chenga zile, nikailoweka katika nusu kikombe cha maji safi, nikayaonja yale maji: chumvi tupu. Makumbi yaliyolala matopeni kwa miezi hunywa maji ya bahari, na mimi nilikuwa nimeyasuuza mara moja tu. Anayetaka kuyatumia kitaluni ayaloweke usiku kucha, ayakamue, abadili maji na kurudia mpaka ulimi usionje chumvi. Makumbi yenyewe hayana kosa. Yakiwa safi hushika unyevu vizuri kuliko mchanga wetu.

Jumapili, 28 Aprili

Kinyausi kimeingia. Miche minne imeanguka kwa usiku mmoja, ikiwa na majani mabichi kabisa. Ukiitazama chini, sehemu ya shina inayogusa udongo imenywea na kuwa nyembamba kama uzi wa kushonea, yenye rangi ya maji ya chai. Kinyausi husababishwa na vimelea vya udongoni, wakiwemo Pythium na Rhizoctonia, ambao hupenda udongo uliolowa, miche iliyosongamana na hewa isiyotembea. Nilikuwa nikimwagilia kila jioni kwa kopo, udongo ukilala umelowa hadi asubuhi, na vikombe vilikuwa vimebanana kwenye sinia moja. Nimevitenganisha, nimeitupa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, na kuanzia leo namwagilia asubuhi tu, kwa kuweka maji kwenye sinia ili udongo uyanywe kutoka chini. Imebaki miche 19.

Jumapili, 5 Mei

Tangu Ijumaa tulikuwa tukisikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu Kimbunga Hidaya. Wengi wetu tulikumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotukaribia kisha kikaipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Miche yote niliiingiza ndani, katika chumba cha stoo, nikaifungia dirisha. Upepo na mvua vimepita. Mlimao umepoteza tawi moja, na ndani mche mmoja umevunjika kwa mkono wangu mwenyewe nilipokuwa nikihamisha sinia gizani. Imebaki 18.

Gharama nyingine ya siku tatu za giza ni kwamba miche imerefuka kwa kutafuta mwanga, mashina yamekuwa membamba na meupe. Kwa mmea mwingine hilo lingekuwa hasara kubwa, lakini nyanya ina rehema yake: shina lake likifukiwa hutoa mizizi. Nimeihamishia katika makopo makubwa zaidi, nikaifukia hadi chini kidogo ya majani ya mbegu.

Jumamosi, 11 Mei

Barabara ya Dar es Salaam bado ina shida upande wa Somanga, Kilwa, ambako mafuriko yaliikata. Mama ninayenunua kwake nyanya sokoni ameniuzia fungu la nyanya tano zilizobonyea kwa bei ya fungu zima la wiki mbili nyuma. Sikumlaumu. Tenga lake hutoka Iringa, na nyanya haistahimili siku nne juu ya gari lililosimama. Nimerudi nyumbani nikiitazama miche yangu kwa macho mengine; miche 18 haiwezi kulisha mtaa, lakini yaweza kuitoa nyumba moja katika shida ya namna hiyo.

Jumamosi, 18 Mei

Kuandaa ardhi. Udongo wetu hapa mtaani Chuno ni mchanga mwepesi, na ndoo ya maji ukiimwaga hapa, baada ya dakika chache huwezi kuonyesha ulipoimwaga. Nimechimba mashimo 12 ya kina cha sentimita 40, na kila shimo limepata ndoo moja ya lita 10 ya mboji iliyoiva na nusu ndoo ya samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitano. Samadi mbichi huunguza mizizi, na hata isipoiunguza huleta majani mengi kuliko maua. Nimeongeza jivu la jikoni, konzi moja tu. Nafasi kati ya shimo na shimo ni sentimita 60, kwa sababu nyanya hizi hazikomi kurefuka na kila moja itahitaji mti wake wa kuegemea.

Kona iliyokuwa na bilinganya sikuigusa. Bilinganya, pilipili, mnavu, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, na maradhi ya mmoja hubaki udongoni yakimngoja mwenzake. Miche sita itakwenda kwenye viroba vya kilo 50 nilivyovijaza udongo wa kununua, uliochanganywa na mboji.

Jumamosi, 25 Mei

Nimepandikiza miche yote 18 saa 11 jioni. Kwa siku saba nilikuwa nikiizoesha jua, saa moja siku ya kwanza, kisha nikiongeza kila siku, na nikipunguza maji kidogo ili mashina yakaze. Majani mawili ya chini niliyaondoa, nikafukia shina hadi hapo. Kila mche umepata lita moja na nusu ya maji, na juu ya udongo nimetandaza majani makavu ya mkorosho, unene wa vidole vinne, bila kuyagusisha na shina.

Wakati huo yule bibi jirani alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama kimya kitambo, kisha akaniuliza kwa nini nayafukia mashina marefu hivyo. Nilipomweleza kuhusu mizizi aliinama, akavuta kwa ukucha tawi la kinyanya chake lililokuwa limelala chini ukutani, akanionyesha vijidoa vyeupe vilivyokuwa tayari vimetoka upande uliogusa udongo. "Hivi nilikuwa nikiviona siku zote, mjukuu wangu, ila sikujua ni mizizi."

Jumamosi, 8 Juni

Sota, viwavi wa udongoni, wamekata miche miwili usawa wa ardhi, kama kwa wembe. Nilifukua kandokando nikamkuta mmoja amejikunja, wa kijivu, mnene kama kidole kidogo. Miche iliyobaki, 16, nimeivalisha vikola vya makopo ya maziwa yaliyokatwa juu na chini, nusu ndani ya udongo na nusu nje. Nilipaswa kufanya hivyo siku ileile ya kupandikiza.

Jumanne, 18 Juni

Ua la kwanza limefunguka leo asubuhi kwenye mche wa kiroba namba 3. Kipimajoto alfajiri: nyuzijoto 20.

Jumamosi, 22 Juni

Mche mmoja wa ardhini ulionekana umenyauka jana saa sita mchana, ukarudi hali yake jioni, na leo umenyauka moja kwa moja, majani yakiwa bado ya kijani. Mnyauko wa namna hii, usioanza kwa majani kuwa manjano, ulinipa wasiwasi, nikaamua kuupima. Nilikata kipande cha shina karibu na mzizi, urefu wa kidole, nikakining'iniza katika glasi ya maji safi bila kukitikisa. Kabla ya dakika tano kupita, uzi mweupe kama tui ulianza kushuka kutoka kwenye mkato, ukielekea chini ya glasi bila kupinda. Huo ni mnyauko bakteria, na uzi ule ni bakteria wenyewe, Ralstonia solanacearum, wakitoka katika mirija ya mmea waliyokuwa wameiziba.

Hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuugua, na bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka. Nimeung'oa mche pamoja na mzizi na udongo wake, nikauchoma, na jembe nimelisugua kwa sabuni na kulianika juani. Mche wa jirani yake nao umeanza kunyauka mchana, nami nimeung'oa bila kungoja, ingawa ulikuwa na kishada cha maua sita. Mashimo yote mawili yako upande ambako maji ya kufulia huteremkia kutoka kwenye ile kona ya bilinganya. Niliiepuka kona, sikuyaepuka maji yake. Hapo hapatapandwa jamii ya nyanya tena, nitapanda mahindi. Imebaki mimea 14: tisa ya pakiti na mitano ya kinyanya cha bibi, minane ardhini na sita kwenye viroba.

Jumapili, 7 Julai

Matunda yameshika. Naandika sentensi hii kwa furaha kubwa, kwa kuwa Februari nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Katika kishada cha kwanza cha kiroba namba 3, maua tisa kati ya kumi na moja yamekuwa vijitunda, vya kwanza vikiwa sawa na punje ya mbaazi. Alfajiri za wiki hii zimekuwa kati ya nyuzijoto 19 na 20, na kusi linavuma kutwa.

Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, hivyo halihitaji ua la mwenzake, linahitaji kutikiswa. Chavua imefungiwa ndani ya mirija iliyoungana kama koni ya manjano, yenye uwazi nchani, nayo hutoka kama chumvi itokavyo katika kopo la kunyunyizia. Kila siku kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, hupita nikipiga kwa kidole nyuma ya kila kishada. Siko peke yangu katika kazi hii. Yule mdudu mweusi mnene anayetoboa boriti za banda huja saa hizohizo, analikumbatia ua mpaka linainama, anatetemesha mwili wake kwa sauti nzito kuliko ile ya kuruka kwake, na akiondoka tumbo lake lina vumbi la manjano. Nyuki wa asali hawezi kutetemesha ua namna hiyo. Nilikuwa nimekusudia kuziba matundu ya boriti, sitayaziba.

Jumamosi, 20 Julai

Mimea imepita mita moja na nusu. Nimesimika nguzo za mianzi na kufunga mashina kwa kamba ya katani, nikiacha kitanzi kilegee ili shina lipate kunenepa. Kila wiki navunja machipukizi yanayotoka kwenye kwapa kati ya shina na jani, kwa vidole, asubuhi, yakiwa hayajazidi urefu wa kidole. Mimea ya pakiti nimeiachia mashina mawili kila mmoja. Kinyanya cha bibi hakikubali nidhamu hiyo: hutoa matawi kila upande, nami nimekiacha kitambae juu ya wigo kipendavyo, kwa kuwa matunda yake ni madogo na mengi, na kukipogoa sana ni kuyapunguza.

Wenye mikorosho wako katika kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na upepo umeleta vumbi kidogo juu ya majani yangu. Salfa haina ugomvi na nyanya. Matunda tutayaosha vizuri.

Jumamosi, 3 Agosti

Tunda la kwanza limeiva, siku 112 tangu kusia, siku 46 tangu ua kufunguka. Lilianza kung'aa chini, likapauka, likawa rangi ya chungwa kwa siku mbili, na leo ni jekundu mpaka mabegani. Uzito ni gramu 14. Nililikata vipande vinne, kila mtu wa nyumbani akapata kimoja. Lilikuwa tamu, na uchachu wake ulikuja mwishoni.

Jumapili, 18 Agosti

Wiki yenye mambo mawili mabaya. Maji ya bomba yalikatika siku tano, nami nilikuwa na pipa moja tu. Yaliporudi niliimwagilia mimea kwa wingi, nikidhani naifidia, na kesho yake matunda 31 yaliyokuwa yanakaribia kuiva yalikuwa yamepasuka ngozi kwa duara kuzunguka kikonyo. Tunda lililokaa na kiu hukaza ngozi, na maji mengi ya ghafla huvimbisha nyama ya ndani haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Matunda manne ya viroba yameoza kitako, doa jeusi lililobonyea, kwa kuwa kalisiamu husafiri na maji na maji yakikosekana haifiki kwenye tunda hata kama imo udongoni. Nimeongeza pipa la pili. Viroba vinapata lita moja asubuhi na lita moja jioni, mimea ya ardhini lita mbili asubuhi.

La pili ni kantangaze, Tuta absoluta, mgeni kutoka Amerika Kusini ambaye aliripotiwa nchini kwetu mwaka 2014. Nimeona mabaka makavu, yanayopitisha mwanga, kwenye majani ya chini. Ukilielekeza jani juani unamwona kiwavi mwenyewe akitembea kati ya ngozi mbili za jani, na kinyesi chake cheusi nyuma yake. Majani 26 nimeyachuma na kuyafungia katika mfuko mweusi juani, siyo kwenye lundo la mboji. Kila baada ya siku nne napuliza maji ya mbegu za mwarobaini zilizopondwa na kulowekwa usiku, jioni, chini na juu ya majani.

Jumamosi, 7 Septemba

Mavuno hadi leo ni kilo 17.6. Mimea tisa ya pakiti imetoa kilo 12.9, na mimea mitano ya kinyanya cha bibi kilo 4.7, ambayo matunda yake yana uzito wa gramu 5 hadi 6 kila moja. Ladha ya kinyanya ni kali zaidi na hakipendezi sana mbichi, lakini kwenye mchuzi wa samaki kinashinda, kwa kuwa uchachu wake hupunguza haja ya ndimu. Kantangaze pia hakukigusa sana. Sijui kama ni bahati au ni tabia yake, nami nitalitazama tena mwakani.

Nimeanza kutunza mbegu. Nilichagua matunda yaliyoiva kupita kiasi katika mimea mitatu yenye afya ya kila aina, nikayakamulia katika glasi bila kuongeza maji, nikayafunika kwa kitambaa. Kila mbegu imevikwa utelezi unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda, na uchachu wa siku mbili au tatu huula utelezi huo. Siku ya tatu utando mweupe ulikuwa umetanda juu, mbegu nzuri zimezama. Nilizisuuza mara nne, nikazianika kivulini juu ya sahani ya kauri, kwa sababu zikikaukia kwenye karatasi huwezi kuzibandua.

Jumapili, 29 Septemba

Alfajiri leo: nyuzijoto 23. Maua ya juu kabisa ya mimea ya pakiti yameanza kudondoka yakikatikia palepale penye kiungo cha kikonyo. Nimekata ncha za mashina yote ili nguvu iliyobaki iende kwenye matunda ambayo tayari yamo, na sitaongeza mbolea. Kinyanya cha bibi bado kinashika, ingawa kwa uchache.

Mbegu zimekauka kiasi cha kuvunjika ukizikunja. Zimepatikana 210 za pakiti na 160 za kinyanya, nami nimezitia katika bahasha, mbili za kila aina, ndani ya chupa yenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Bahasha moja ya kila aina nimempelekea bibi, pamoja na vikombe kumi vya mtindi vilivyokwisha kutobolewa. Juu ya bahasha zote nimeandika jina la aina, mwaka 2024, na maneno haya: "Zisisiwe kabla ya Aprili."